Tulizika miche sita kabla ya kujua kupanda

Mtaani kwetu Majengo palikuwa na mkwaju mkubwa. Chini yake palikuwa na baraza, na wazee wakikaa hapo baada ya Alasiri, huyu na bao lake, yule na kikombe chake cha kahawa. Miaka kadhaa iliyopita akaja mkandarasi wa kutandika kabro. Asubuhi mti upo, Magharibi ni magogo. Wazee wakahamia kwenye ukuta wa duka, na ukuta ule ukipigwa na jua la Januari hauegemeki.

Vijana tukachanga pesa, tukanunua miche sita, tukapanda siku moja na kupiga picha. Kufika Machi yote ilikuwa imekufa. Mzee mmoja aliyelelewa shamba huko Kwale alituangalia akasema, "Wanangu, nyinyi hamkupanda, mlizika." Ninayoyaandika hapa mengi nimeyapata kwake, na mengine kwa hasara.

Kosa la kwanza lilikuwa miti yenyewe. Tuliambiwa tunauziwa miti ya kwetu, tukapewa miarobaini na mikungu. Najua wako watakaokasirika, lakini mwarobaini si mti wa pwani hii. Asili yake ni Bara Hindi na Burma. Mkungu nao ni wa Asia na visiwa vya Pasifiki, hata mvinje ulikuja na watu. Sisemi ing'olewe. Kivuli ni kivuli, na mwarobaini una kazi zake majumbani. Ila ndege na popo wakila tunda lake hubeba mbegu hadi misituni, na sasa umeingia hata kwenye makaya ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliyatia katika urithi wa dunia mwaka 2008. Huko unabanana na miti iliyokuwapo kabla yake.

Miti ya kwetu ipo na majina yake tunayo. Mkwaju, ambao ukwaju wake tunaunywa kila Ramadhani. Mbambakofi, uliochongewa milango ya Lamu na Mji wa Kale. Mtondoo, unaostahimili mchanga na upepo wa chumvi, ukifaa sana kwa walio karibu na ufuo. Mvule, kama una uwanja mpana. Mbuyu usiupande kichochoroni, utakuja kuvunja nyumba ya mjukuu wako. Mahali pake ni uwanjani, kama ile mikongwe ya Mama Ngina. Ua lake hufunguka jioni, na popo ndio huja kulichavusha usiku. Watoto wanaorushia popo mawe waambiwe kwamba mabuyu wanayoyamung'unya yanatoka huko.

Mbegu si kazi ngumu. Ya mkwaju iloweke maji usiku kucha ndipo uifukie. Ya mbambakofi, ile nyeusi yenye kofia nyekundu, ivue kofia kwanza. Asiye na subira ya mbegu atafute miche kwenye vitalu, na aulize jina la mti kabla ya kulipa. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo Gede.

Kosa la pili lilikuwa wakati. Tulipanda Januari, kaskazi ikivuma na mbingu kavu. Mche upandwe masika yanapoanza, mwisho wa Machi au Aprili, ili mizizi ipate miezi ya mvua kabla ya kiangazi. Vuli pia hufaa, lakini itabidi umwagilie zaidi, maana baada yake ni jua tu.

Shimo ndilo lililotuua hasa. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya jiwe la matumbawe. Ukichimba kidogo jembe linalia. Sisi tulipofika kwenye jiwe tuliacha, tukaweka mche, tukafukia. Mzizi ulipokuwa ukishuka ukakutana na sahani ya mawe. Mara ya pili tulikuja na mtaimbo, tukavunja mpaka tukapata shimo la nusu mita kwenda chini na zaidi ya hapo upana. Tukajaza udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza. Mfuko wa plastiki uchane wote uutoe. Miche yetu miwili tuliikuta bado iko ndani ya mfuko, na sitasema nani aliipanda.

Kumwagilia, watu wengi hupita na kikombe kila siku. Maji hayo hulowesha juu tu, na mizizi hukaa juu kuyangoja. Afadhali ndoo nzima mara mbili kwa wiki, polepole, izame. Maji ya kisima chetu yana chumvi, basi tuliomba msikitini, na maji ya udhu yakavutiwa mfereji hadi kwenye shina. Funika udongo kwa majani makavu au makuti yaliyochakaa, lakini yasiguse shina. Zungushia fito, kwa sababu mbuzi wa Mombasa hawana mwenyewe mpaka umkanyage mmoja. Kamba ya kuushikilia mti iwe legevu, na ikague kila baada ya miezi michache isije ikaukaba.

Ukishapita miaka miwili mti hujitafutia, lakini binadamu ndipo anapoanza. Huyu anachomea taka shinani. Yule anapigilia msumari kutangaza mganga wa mapenzi. Mwingine anakata kilele ili mti "upanuke", na mti unabaki na kidonda kinachooza. Matawi ya chini yapunguzwe kidogo kidogo, kilele kiachwe.

Mkwaju wetu mpya sasa umefika dirisha la ghorofa ya kwanza. Matunda bado, huchukua miaka saba au zaidi. Wiki iliyopita wapima barabara wamerudi, wamepiga mstari wa chokaa unaopita kando ya shina kabisa. Tumewaomba waache duara la mita moja bila saruji ili mizizi ipate maji na hewa. Wamesema watamuuliza bosi wao. Mzee wa Kwale ameshatoa kiti chake, amekiweka ndani ya duara, na hapo ndipo anapokunywa kahawa.