Tumeacha Pombe, Siku Imekuwa Ndefu



Juma hili tunaleta jambo ambalo hapa kwetu Bukavu watu hulisema kwa sauti ya chini. Sisi ni wanamemba watatu wa chama hiki. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, naye ndiye anayeshika kalamu. Wa pili anauza sambaza soko la Muhanzi. Wa tatu ni mshonaji. Wote watatu tulikuwa tunakunywa. Hatukuwa tunalala njiani. Tulikuwa tunakaa nyuma ya nyumba ya jirani, leo kasiksi, kesho bia, mpaka watoto wanalala bila mtu kuwauliza kama wamefanya kazi ya shule. Sasa ni miezi 4 tangu tulipoacha pamoja.

Watu walituonya juu ya mengi: marafiki wabaya, sikukuu, matanga, siku ya mshahara. Hakuna aliyetuonya juu ya saa 11 jioni. Kazi imekwisha, bugali bado haijapikwa, jua linaelekea kuzama, na umeme mara nyingi umekatwa. Saa ile ndiyo tulikuwa tunafunga mlango na kwenda kunywa. Sasa tulikuwa tumekaa, mikono juu ya magoti, tukitazama ukuta.

Katika juma la tatu, mwenzetu wa sambaza alisimama akajifunga kitenge. Binti yake akamuuliza: «Mama, unaenda wapi?» Akajibu: «Hakuna pahali, ninanyoosha miguu.» Miguu ilimpeleka palepale nyuma ya nyumba ya jirani. Alirudi usiku, na binti yule alikuwa bado amekaa mlangoni akimngoja, sahani ya chakula imefunikwa.

Kesho yake alikuja kwetu akilia. Alisema: «Sikuwa na hasira. Sikuwa na huzuni. Hata kiu sikuwa nayo. Nilikosa tu mahali pa kuweka mikono.» Hatukumgombeza, kwa maana na sisi wawili jioni ileile tulikuwa karibu kutoka.

Hapo tuliona kwamba tulikuwa tumeondoa kitu bila kuweka kingine mahali pake. Tulihesabu. Saa 3 kila jioni, mara siku 7, ni saa 21 kwa juma. Mtu anayeacha pombe anapewa saa 21 mkononi, na hakuna anayemwambia azifanyie nini.

Kuna sababu nyingine pia, nayo iko mwilini. Pombe huuchochea ubongo utoe kwa wingi ile dawa yake ya furaha. Ubongo ukizoea hivyo kwa miaka, vitu vidogo vinakuwa kama chakula kisicho na chumvi: hadithi ya mtoto, wimbo wa kanisani, chai ya tangawizi. Pombe ikiondoka, ladha hairudi siku ileile. Inachukua majuma, na kwa wengine miezi. Kwa hiyo dada, ukiona kila kitu kinakuchosha, usiseme: «Basi mimi bila pombe si mtu.» Ni mwili unaojifunza upya.

Wengine wamepita njia hii mbele yetu. Mwaka 1935, Mmarekani mmoja, Bill Wilson, alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Biashara iliyompeleka mji wa Akron ilishindikana, akabaki peke yake katika hoteli, mwisho wa juma, bila kazi, na baa iko karibu. Badala ya kuingia, alishika simu akaanza kutafuta mtu mwingine mwenye shida ya pombe wa kuzungumza naye. Alipata daktari mmoja, Bob Smith. Katika mazungumzo yao ndimo kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kiko katika nchi nyingi.

Sisi tulifanya nini? Kwanza tulikosea. Tulijaribu kulala mapema, tukawa tunaamka saa 9 usiku, macho wazi. Tulijaribu korali kila jioni, tukachoka mpaka Mungu mwenyewe angetuhurumia. Simu nayo ilitumaliza makuta na kutuacha na uchovu uleule.

Kilichotusaidia ni kazi ndogo ya mikono, yenye mwisho, na inayofanywa na watu. Saa 11 tunakutana kwa mshonaji. Mmoja anachambua maharagi, mwingine anatwanga sombe, watoto wanasoma kwa sauti karibu ya mbabula. Tunakula mapema, kwa sababu tuligundua kwamba njaa hujivika nguo ya kiu ya pombe. Hamu ikimpanda mmoja, anasema wazi: «Imenikamata.» Tunatembea naye mpaka chini ya avenue na kurudi. Mara nyingi, kabla ya nusu saa kwisha, imeshuka.

Mwenzetu wa sambaza hakujua kuandika. Tangu zamani alikuwa akiweka kidole kwenye kitabu cha muso. Sasa kila jioni mwalimu anamfundisha nusu saa. Juma lililopita aliandika jina lake mwenyewe na hesabu ya feza alizoweka. Binti yake ndiye aliyemsahihishia herufi moja. Tulicheka, na kwa mara ya kwanza jioni ilikuwa fupi.

Hatusemi kwamba uchoshi umekwisha. Kuna jioni ambazo ni ndefu tu, na mvua inanyesha, na hakuna anayekuja. Tumejifunza kuziacha zipite. Jioni mbaya haijamuua mtu, na asubuhi unaamka kichwa chepesi.

Kwa ninyi mnaoishi na mtu aliyeacha, tunaomba mambo mawili. Msimnuse kinywa kila anapoingia, na msimtume kununua bia ya wageni. Mwiteni akae nanyi, mpeni kisu na viazi. Anayepewa kazi anajua kwamba bado ni wa nyumba.

Na onyo moja kubwa. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula peke yake. Akianza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kuona vitu visivyokuwapo au kupata kifafa, apelekwe mara moja kituo cha afya. Hiyo si aibu wala si uchawi, ni ugonjwa unaotibiwa.

Dada unayesoma haya saa 11 jioni, umekaa peke yako na miguu inataka kutoka: chukua maharagi yako, uje. Hatutakuuliza umekunywa mara ngapi. Tutakuuliza kama umeleta ungo.