Tundu Dogo na Bandama la Mtoto

Uvimbe wa kongosho ni nadra kwa watoto, na mara nyingi si ile saratani kali inayowapata watu wazima. Kwa wasichana waliobalehe, unaoonekana zaidi ni uvimbe wa Frantz, uliopewa jina la Virginia Frantz, daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1959. Hukua polepole, na ukitolewa wote, wagonjwa walio wengi hupona. Msichana wa miaka 13 basi ataishi miongo mingi na kile alichoachiwa na kisu.

Tumbo hufunguliwa kwa mkato mrefu, au hujazwa gesi ya kabonidioksidi, kisha kamera na vyombo vyembamba hupitishwa katika matundu machache ya milimita 5 hadi 12. Nchini Tanzania njia hii ya pili huitwa upasuaji wa tundu dogo. Jina hilo hushika upesi, ila linapima ngozi tu. Ndani kazi ni ileile: kongosho hukatwa, na maji yake yenye vimeng'enya huweza kuvuja vilevile. “Upasuaji wa kamera” lingefaa zaidi, kwa sababu kamera hukuza hata vijishipa vyembamba kama uzi.

Vijishipa hivyo ndivyo huamua hatima ya bandama, ambalo wengine huliita wengu. Ateri na vena yake hupita zikiuambaa mkia wa kongosho na kuutolea vijitawi. Ni kama shamba linalonyweshwa na mfereji mkuu uliokatiza kiwanja cha jirani. Jirani akitaka kuhamisha ukuta wake, fundi aweza kuziba michirizi yote ya upande huo, mmoja mmoja, mfereji usiguswe. Hiyo ndiyo njia ya daktari wa upasuaji Kimura. Daktari mwenzake Warshaw, mwaka 1988, alionyesha njia nyingine: mfereji wenyewe hukatwa, na shamba huishi kwa vijito vya upande wa juu, yaani mishipa mifupi itokayo kwenye tumbo la chakula. Mwanzoni pembe moja yaweza kukauka. Baadaye vijito hupanuka, pengine kupita kiasi.

Bandama huchuja bakteria wa nimonia na chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria. Mtoto asiye nalo huhitaji chanjo za ziada na mara nyingi penisilini ya kila siku, kwa kuwa homa yaweza kumuua kwa saa chache.

Ulinganisho uliopo kati ya mkato mrefu na kamera, mwingi ukitokana na mafaili ya wagonjwa wachache, huonyesha kwamba waliotibiwa kwa kamera hupoteza damu kidogo na hutoka hospitalini mapema. Uvimbe ukiwa kichwani mwa kongosho, ambako mfereji wa nyongo wa mtoto, wenye upana wa milimita chache, lazima uungwe upya na utumbo, madaktari wengi bado hufungua tumbo.

Uvimbe wa mkiani hutiwa mzima katika mfuko usipasuke na kumwaga seli zake, kisha tundu moja hupanuliwa hadi upite.