Mzee Anaposhika Kalamu

Fungueni madaftari. Leo nasema hasa na wewe uliyestaafu kazi, uliyeambiwa na jirani kwamba kuandika ni mambo ya watoto. Kwanza sikiliza habari ya mtu mmoja.

Kimani Maruge alikuwa mzee wa Kenya ambaye hakupata kusoma utotoni. Mwaka 2003 Serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi. Basi Januari 2004 mzee huyu, aliyekadiriwa kuwa na miaka 84, akaenda shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akaingia darasa la kwanza. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake. Wajukuu zake wawili walikuwa shule hiyo hiyo, tena wamemtangulia!

Alitoa sababu mbili. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake, maana alishuku kuwa wahubiri hawaielezi sawasawa. Tena alipigana katika Mau Mau miaka ya 1950, akatumaini kulipwa fidia, na fedha hizo alitaka kuzihesabu mwenyewe. Mimi nazipenda sababu hizi kwa kuwa hazina mapambo. Mwaka 2005 alipanda ndege mpaka New York kuutetea usomeshaji wa bure. Fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimtoa nyumbani akakaa kambini, lakini shule hakuiacha. Mei 2009 alibatizwa, akaitwa Stephen, na Agosti mwaka huo akafariki, hajamaliza shule ya msingi.

Sasa wewe utaanzia wapi? Mtoto ana mkono mwepesi na hana mengi ya kusema. Wewe unayo mengi. Mkono ndio mzito. Usiikamate penseli kama mpini wa jembe. Ilegeze. Andika herufi kubwa zinazojaza mistari miwili, robo saa tu, kisha pumzika.

Anza na jamaa yako. Andika jina lako, la baba, la babu. Halafu la mama, la mama yake, na la mama wa huyo. Hapo wengi hukwama, nami pia nilikwama. Mbele ya kila jina andika mahali alipozaliwa. Mwaka kama huujui, andika jambo lililotokea: mwaka wa njaa, mwaka wa Uhuru. Kisha mpe mjukuu akusomee kwa sauti. Akisoma "baba" mahali ulipotaka "babu", utaona mara moja kazi ya herufi moja.

Usidhani jambo hili ni geni kwetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa kumuusia dini na maisha ya nyumbani. Alikuwa akimwandikia mwanawe. Utendi huo unasomwa hata leo.

Halafu kuna chama chenu cha kuzikana. Kila mwezi unatoa fedha, karani anaandika, nawe unatia alama ya dole gumba. Je, karani akihama na daftari, au daftari likinyeshewa, utamwonyesha nani ulichotoa? Weka daftari lako mwenyewe kando ya la karani. Andika tarehe, shilingi ulizotoa, na jina la aliyepokea, naye atie sahihi palepale mbele yako. Asiudhike, mwambie mwalimu wa redio ndiye aliyeagiza.

Kazi ya juma hili ni mistari mitano. Mitatu ni ya majina ya wazee wako. Wa nne, andika jambo moja ambalo mjukuu wako halijui juu yako. Wa tano, fedha ulizotoa chamani mara ya mwisho, na tarehe yake. Leteni madaftari kwa mwalimu wenu wa darasa. Kwaherini.