SOMO LA 14: SHULE YETU INATAWALIWA NA NANI, NA FEDHA ZAKE ZATOKA WAPI?

(Maneno ya somo la redio, yamepigwa chapa kwa ajili ya madarasa ya watu wazima ya wilaya za Mbulu na Hanang. Mwalimu wa darasa ayasome polepole, kisha wanafunzi wasome kwa zamu.)

MWALIMU: Nyote mlioketi darasani huko Dongobesh, Haydom, Katesh, Endasak, Basotu na Yaeda Chini, karibuni. Tayarisheni madaftari na kalamu. Leo pamoja nami wamo wanafunzi wawili, baba mmoja na mama mmoja, nao watauliza maswali kwa niaba yenu.

Somo la leo ni habari ya shule ya msingi ya kijiji. Kila asubuhi mnaona watoto wakienda shuleni. Lakini nikiuliza, "Shule ile ni ya nani?" mmoja atasema ni ya serikali, mwingine atasema ni ya mwalimu mkuu, na wa tatu atasema ni ya kijiji. Haya, tuanze.

BABA: Mwalimu, mimi nasema ni ya serikali. Sisi wazazi twaitwa siku ya kuchangia tu.

MWALIMU: Asante, mzee wangu. Maneno yako yana ukweli kidogo, lakini si yote. Shule ni kama nyumba yenye nguzo nyingi. Tuzihesabu nguzo hizo moja moja, kuanzia chini.

NGUZO ZA UTAWALA

Ya kwanza ni Kamati ya Shule. Katika kamati hii wamo wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Kazi ya kamati ni kupanga mahitaji ya shule, kuangalia matumizi ya fedha, na kuwapa wazazi habari za matumizi hayo. Shule ya sekondari haina kamati, bali ina Bodi ya Shule.

Ya pili ni serikali ya kijiji. Shule imo katika ardhi ya kijiji, na watoto ni wa kijiji. Kwa hiyo Halmashauri ya Kijiji yahusika, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una haki ya kuuliza.

Ya tatu ni kata. Huko yuko Afisa Elimu Kata, anayezizungukia shule. Kadhalika iko Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mwenyekiti wake ni diwani.

Ya nne ni halmashauri ya wilaya au ya mji. Hanang ina halmashauri moja, nayo makao yake ni Katesh. Mbulu ina mbili: Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Hapo ndipo alipo Mkurugenzi Mtendaji, na chini yake maafisa elimu wawili, mmoja wa awali na msingi, mwingine wa sekondari. Juu ya mipango yote ya halmashauri liko Baraza la Madiwani, mliowachagua kwa kura zenu. Shule za sekondari za serikali ziliwekwa chini ya halmashauri mwaka 2009. Kabla ya hapo zilisimamiwa na Wizara ya Elimu.

Ya tano ni serikali kuu. Hii ina mikono miwili. TAMISEMI husimamia halmashauri zote. Wizara ya Elimu hutoa sera, mitaala na nyaraka, nayo ina Wathibiti Ubora wa Shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi. Pia iko Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, inayoshughulikia nidhamu na vyeo vya walimu.

MAMA: Basi, Mwalimu, Kamati ya Shule haiwezi kumfukuza mwalimu?

MWALIMU: Haiwezi, mama. Kamati haimwajiri mwalimu, wala haimlipi, kwa hiyo haiwezi kumfukuza. Lakini yaweza kupeleka malalamiko kwa Afisa Elimu Kata, naye huyafikisha mbele. Nchi nyingine zina njia nyingine. Katika Marekani, kwa mfano, sehemu nyingi za mashamba zina wilaya ya shule iliyo peke yake. Watu huchagua bodi yao, bodi huajiri walimu, na sehemu kubwa ya fedha hutoka katika kodi ya nyumba na ardhi ya mahali pale. Palipo na matajiri, shule hupata fedha nyingi. Palipo na maskini, hupata kidogo, isipokuwa serikali ya jimbo iwasaidie. Kwetu fedha nyingi hutoka Hazina ya taifa. Faida yake ni kwamba mwalimu wa Yaeda Chini na mwalimu wa Arusha mjini wenye cheo kimoja wana mshahara mmoja. Hasara yake ni kwamba fedha hutoka mbali, na mwananchi husahau kwamba zinamhusu.

MAMBO YALIVYOKUWA ZAMANI

Wakati wa Waingereza, shule nyingine zilikuwa za misheni na nyingine za utawala wa wenyeji, uliokuwa na hazina yake iliyojazwa na kodi. Baada ya Uhuru wa 1961 yakawako mabaraza ya wilaya. Mwaka 1972 mabaraza hayo yaliondolewa, kisha sheria za mwaka 1982 zikarudisha serikali za mitaa, nazo zikaanza kazi mwaka 1984.

Na ada je? Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 1973, na mwaka uliofuata, huko Musoma, chama cha TANU kikaamua kila mtoto apate elimu ya msingi. Katika miaka ya themanini wazazi wakaanza kulipa tena. Ada ikaondolewa mara ya pili mpango uitwao MMEM ulipoanza, mwaka 2002. Januari 2016 elimu bila ada ikafika mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 serikali ikaondoa ada ya kidato cha tano na cha sita.

FEDHA ZATOKA WAPI?

Andikeni: fedha za shule zina mikondo minne.

Mkondo wa kwanza ni mishahara ya walimu. Huu ndio mkubwa kuliko yote. Hazina humlipa mwalimu moja kwa moja.

Mkondo wa pili ni fedha za majengo. Hizi huja kwa miradi, wala haziji kila mwaka. Mwaka 2021, kwa mfano, serikali ilijenga madarasa 15,000 katika nchi nzima, na katika hayo 3,000 yalikuwa ya shule shikizi, yaani shule ndogo zinazojengwa karibu na watoto wanaokaa mbali.

Mkondo wa tatu ni mapato ya halmashauri yenyewe, kama ushuru wa mazao na ushuru wa minada. Ng'ombe akiuzwa mnadani Katesh, au gunia la vitunguu swaumu likitoka Mbulu, halmashauri hupata kitu. Zamani ilikuwako pia kodi ya maendeleo kwa kila mtu mzima, lakini iliondolewa mwaka 2003. Kijiji nacho chaweza kuwa na mapato yake. Wahadzabe wa Mongo wa Mono, katika bonde la Yaeda, hupata fedha kwa kuuhifadhi msitu wao usikatwe, na sehemu ya fedha hizo imesaidia masomo ya watoto.

Mkondo wa nne ndio nitakaoueleza zaidi, maana ndio ulio karibu nanyi. Unaitwa ruzuku ya uendeshaji.

HESABU YA RUZUKU

Mwaka 2016 mpango ulikuwa hivi: kila mwanafunzi wa shule ya msingi ahesabiwe shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, shilingi 4,000 zilikuwa za vitabu, nazo hazikufika shuleni. Shilingi 6,000 zilipelekwa katika akaunti ya shule benki. Tuseme shule ina watoto 300. Pigeni hesabu pamoja nami.

300 mara 6,000 ni 1,800,000 kwa mwaka.
Gawanyeni kwa miezi 12. Ni 150,000 kwa mwezi.

BABA: Ni fedha nyingi hizo, Mwalimu!

MWALIMU: Zigawanye tena kwa watoto 300, mzee wangu. Utapata ngapi?

BABA: Mia tano. Shilingi mia tano kwa mtoto kwa mwezi.

MWALIMU: Vema sana. Kwa fedha hizo shule yatakiwa kununua chaki na karatasi, kutoa majaribio, kutengeneza madawati yaliyovunjika na kufanya matengenezo madogo. Tena kumbukeni jambo moja. Hesabu ya 10,000 ilianza mwaka 2002, na wakati huo ilikuwa karibu dola kumi za Marekani. Mwaka 2016 shilingi 10,000 hazikufika dola tano. Namba ni ile ile, lakini uwezo wake umepungua. Ndiyo sababu mwalimu mkuu aweza kusema fedha hazitoshi, naye asiwe mwongo. Serikali yaweza kubadili kiwango, kwa hiyo mwulizeni mwalimu mkuu kiwango cha mwaka huu.

Sasa jambo la pili. Ruzuku hufuata idadi ya watoto walioandikishwa. Wazazi wakiwaficha watoto 40 ili wachunge ng'ombe, shule hukosa 40 mara 6,000, yaani shilingi 240,000. Watoto 40 wamekosa elimu, na wale 260 waliobaki wamepungukiwa chaki.

MZAZI ALIPE NINI?

MAMA: Mwalimu, hili ndilo linaloniumiza. Mwaka mmoja mwanangu alirudishwa nyumbani kwa sababu sikuwa na fedha za mlinzi. Alikaa nyumbani wiki mbili. Je, ilikuwa haki?

MWALIMU: Haikuwa haki, mama. Nyaraka za elimu bila ada zilisema wazi kwamba mtoto asifukuzwe shuleni kwa ajili ya mchango. Mzazi ana wajibu wake: sare, madaftari, kalamu, matibabu, na chakula cha mtoto wa shule ya kutwa. Mchango mwingine ni wa hiari. Wazazi wakikubaliana mkutanoni kutoa debe la mahindi na kilo za maharage ili watoto wale mchana, ni jambo jema sana, hasa kwa mtoto anayetembea mwendo mrefu. Lakini makubaliano hayo yaandikwe katika muhtasari, na kila anayetoa apewe stakabadhi. Naye asiyeweza, aseme mapema, na mtoto wake asiadhibiwe kwa umaskini wa nyumbani.

BABA: Na ujenzi je? Sisi tumebeba mawe na mchanga, tumepandisha kuta mpaka lenta, lakini paa halijaja. Miaka inapita.

MWALIMU: Tatizo hilo ni la vijiji vingi. Dawa yake ni kuwahi bajeti. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Bunge hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni. Kwa hiyo maombi ya kijiji hayana budi kutoka miezi mingi kabla: kutoka Mkutano wa Kijiji, kwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani. Kijiji kinachoomba paa mwezi wa Juni kimechelewa. Tena kabla ya kupandisha kuta, mwulizeni diwani: "Je, bati zetu zimo katika bajeti?" Akijibu ndiyo, mwombeni awaonyeshe ukurasa.

TUFANYE NINI?

Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Shule yapaswa kubandika katika ubao wa matangazo fedha ilizopokea na jinsi zilivyotumika. Ubao huo ni wenu. Zamani wengi wenu mliupita kama mnavyoupita mti, kwa kuwa hamkujua kusoma. Sasa mnajua. Simameni, someni, tieni kidole kwenye namba. Msipoelewa, ulizeni kwa adabu katika mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu mwaminifu atafurahi, kwa maana atapata mashahidi.

MAMA: Basi shule ni yetu, Mwalimu?

MWALIMU: Serikali hulipa, halmashauri husimamia, mwalimu hufundisha, na kijiji huangalia. Mmoja akilala, watoto ndio wanaoumia. Kwaherini, tuonane katika somo la 15.

MANENO YA KUJIFUNZA

Ruzuku: fedha zinazotolewa na serikali kusaidia kazi fulani.
Bajeti: makisio ya mapato na matumizi ya mwaka.
Muhtasari: maandishi ya mambo yaliyosemwa na kukubaliwa mkutanoni.
Stakabadhi: karatasi ya kuthibitisha kwamba fedha au mali imepokewa.

MASWALI YA DARASA

1. Katibu wa Kamati ya Shule ni nani?
2. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe gani?
3. Shule ina watoto 250. Kwa kiwango cha shilingi 6,000, itapata kiasi gani kwa mwaka?
4. Nendeni shuleni kwenu, wawili wawili. Nakilini namba zilizo katika ubao wa matangazo, mzilete darasani. Kama ubao hauna kitu, andikeni swali mtakalouliza katika mkutano wa wazazi.