Bei ya Pama Hukaa Chini ya Mkanda

Mnunuzi aliyebobea katika kofia za pama za zamani haanzi na umbo. Akipewa kofia huipindua, huukunjua nje ule mkanda wa ngozi unaogusa paji la uso, kisha huchungulia nyuma yake, mahali ambapo jasho na vumbi la miaka mingi vimegandamana. Hapo hutafuta vipande vya karatasi: kimoja cha saizi, kingine cha chama cha wafanyakazi, pengine na cha tatu chenye namba za kiwanda. Vikikosekana, alichoshika ni kofia kuukuu. Vikiwapo, ameshika kitu chenye mji wake, daraja lake na kipindi chake, na mazungumzo ya bei huanza upya.

Soko hili limezaliwa na kufa kwa viwanda. John B. Stetson alianza kutengeneza kofia Philadelphia, Marekani, mwaka 1865. Kufikia miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni yake ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 5,000 na ilitoa kofia zaidi ya milioni 3 kwa mwaka. Kule Alessandria, kaskazini mwa Italia, Giuseppe Borsalino alifungua karakana mwaka 1857, na kiwanda kikakua hadi kukaribia kofia milioni 2 kwa mwaka. Enzi hizo mwanamume wa mjini Ulaya au Marekani hakutoka nyumbani kichwa wazi. Wapo wanaomlaumu Rais John Kennedy kwa kuiua desturi hiyo, wakidai aliapishwa mwaka 1961 bila kofia. Si kweli; siku ile alikuwa na kofia ndefu ya hariri, na mauzo yalikuwa yameshaanza kuteremka kabla hajaingia madarakani. Gari lenye paa la chini lilichangia zaidi kuliko rais yeyote. Kiwanda cha Stetson cha Philadelphia kilifungwa mwaka 1971, na Borsalino ikafilisika Desemba 2017, ikapata mnunuzi mwaka uliofuata.

Pengo lililoachwa na viwanda hivyo si rahisi kulijaza, maana felti, ambayo ndiyo malighafi ya pama, haifumwi kama kitambaa. Manyoya ya sungura, au ya biva, yule mnyama wa mito ya Amerika Kaskazini, hupeperushwa na kuvutwa na upepo juu ya pia kubwa ya shaba yenye matundu, yakamwagiwa maji ya moto na kushikana. Hapo huwa ni kitu kikubwa, laini, kisichofanana na kofia. Husinyazwa kwa joto na msuguano, tena na tena, mpaka kinapungua na kuwa kigumu. Hutiwa rangi, huvalishwa kwenye faroma ya mbao, kisha husuguliwa kwa msasa mwembamba. Faroma ni neno wanalolijua vizuri wafuaji wa kofia za viua Lamu na Unguja, na kazi yake ni ileile. Leo watengenezaji wengi wa kofia hawatengenezi felti yao wenyewe. Hununua kutoka viwanda vichache vilivyosalia, kama Tonak wa Nový Jičín huko Cheki na Fepsa wa São João da Madeira, Ureno. Wakusanyaji wengi hushikilia kwamba felti ya miaka ya 1930 hadi 1950 ni nyembamba na imeshikana zaidi kuliko ya sasa, na ndiyo maana hulipa zaidi kwa kofia iliyovaliwa na marehemu asiyejulikana kuliko mpya ya dukani.

Kuna mtego hapa. Kofia nyingi za Marekani zina alama za X kuonyesha ubora, na wauzaji huzitangaza kana kwamba ni karati za dhahabu. Hakuna kipimo cha pamoja nyuma ya alama hizo. X za kampuni moja hazilingani na za nyingine, na hata ndani ya kampuni moja ziliongezeka kadiri miaka ilivyokwenda. Anayelipa kwa kuhesabu X analipia wino.

Karatasi ya chama ndiyo shahidi ninayemwamini zaidi. Chama cha United Hatters of North America kiliundwa mwaka 1896. Mwaka 1934 kiliungana na cha washonaji wa kofia za kitambaa, na jina jipya likaongeza maneno ya kofia za kitambaa na za wanawake. Mwaka 1983 nacho kikamezwa na muungano mkubwa zaidi. Kwa hiyo karatasi yenye jina la kwanza huipeleka kofia kabla ya 1934, na yenye jina la pili huiweka kati ya miaka hiyo miwili. Na karatasi hiyo ilipiganiwa. Mwaka 1902 mwenye kiwanda Dietrich Loewe wa Danbury, Connecticut, alikataa kukitambua chama. Wafanyakazi wakagoma na kuwataka wanunuzi nchi nzima wasuse kofia zake. Loewe alishtaki. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1908 kwamba ususaji ule ulivunja sheria dhidi ya uhodhi wa biashara, na nyumba na akiba za benki za wafanyakazi wa kawaida zikazuiwa kwa ajili ya fidia, ambayo mwishoni ilizidi dola 200,000. Kipande kile cha karatasi kilichochakaa ni alama ya watu waliokaribia kupoteza nyumba zao.

Ushahidi mwingine ni mdogo lakini husaidia. Sanduku la kofia la Marekani lenye anwani ya msimbo wa posta wa tarakimu tano haliwezi kuwa la kabla ya 1963. Jina la duka lililochapwa kwa dhahabu kwenye ngozi laweza kutafutwa katika orodha za zamani za biashara za mji husika. Saizi nayo husema kofia ilitoka wapi, na kuwaponza wasiojua: kichwa cha sentimita 58 ni saizi 7¼ Marekani lakini 7⅛ Uingereza, na kosa hilo hurudisha mizigo mingi kwa wauzaji. Upana wa ukingo ni ushahidi dhaifu. Kweli kingo zilisinyaa sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini wazee waliendelea kununua mtindo wa ujana wao.

Usafishaji ndiko thamani inakopotea haraka, na mara nyingi kwa nia njema. Kanuni ni kufanya kidogo. Brashi laini ya nywele za farasi, moja kwa kofia nyeusi na nyingine kwa za rangi nyepesi, ipitishwe kwa kuizunguka kofia kinyume cha mshale wa saa, kufuata ulalo wa manyoya. Doa la mafuta karibu na utepe hufunikwa kwa unga mkavu wa wanga, likaachwa linyonywe, kisha likapigwa brashi. Mvuke wa birika huamsha manyoya yaliyolala na kulainisha ukingo uliopinda, lakini ukizidi, felti husinyaa, na ngozi ya mkanda hujikunja kama jani kavu. Maji yasiiguse ngozi hiyo. Nondo ni adui mbaya kuliko doa: kofia ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, ikae kwenye friza wiki mbili, na mfuko usifunguliwe mpaka irudi kwenye joto la chumba. Wapo mafundi wanaong'oa mkanda uliochakaa na kushona mpya. Kofia hupendeza, na historia yake huenda na takataka.

Afya nayo ina bei. Hadi Desemba 1941 viwanda vya Marekani vilitumia chumvi za zebaki kuyaandaa manyoya yashikane, na wafanyakazi wa Danbury walitetemeka mikono kiasi kwamba ugonjwa uliitwa kwa jina la mji wao. Mabaki ya zebaki yanaweza kuwamo ndani ya kofia za zamani. Vaa glavu, usikung'ute vumbi ndani ya nyumba, na nawa mikono.

Juu kabisa ya soko, felti yenyewe haina uzito tena. Novemba 2023, Fontainebleau, Ufaransa, kofia nyeusi ya Napoleon ya manyoya ya biva ilinunuliwa kwa takriban euro milioni 1.9. Napoleon alikuwa na kofia kama 120 za namna hiyo katika miaka yake ya utawala. Iliyolipiwa ni ithibati kwamba hii ilikuwa yake. Chini huku, kofia nyingi nzuri hubadilisha mikono kwa makumi au mamia machache ya dola, na mantiki ni ileile.

Afrika Mashariki haiko mbali na mkondo huu. Tarabushi walizovaa askari wa King's African Rifles zilikuwa felti ya sufu, na mji wa Strakonice huko Bohemia uliishi kwa kuziuza tarabushi nchi za mashariki. Walowezi wa Kenya walivaa pama za terai zenye tabaka mbili za felti. Na mitumba hufika Gikomba na Mchikichini kwa marobota, pama zikiwamo. Anayefungua robota na kukuta moja yenye ngozi iliyochanika asishike mkasi kwanza. Aukunjue mkanda, apige picha kila karatasi na kila herufi iliyochapwa, hata zile herufi mbili tatu za jina la mwenyewe zilizotobolewa kwenye ngozi, ndipo ataje bei.