Taa ya Pikipiki Kuukuu

Taa ya mbele ya pikipiki haimfai mwendeshaji peke yake. Mama atokaye shambani jioni, mzigo kichwani, huitazama ili ajue upande wa kupita. Basi ikififia, tusikimbilie kununua ampuli mpya. Tutafute kwanza asili ya ugonjwa.

Kwanza, washeni injini. Pikipiki nyingi za zamani haziilishi taa hiyo kwa batri, bali kwa umeme utokao moja kwa moja katika mashine iliyo ubavuni mwa injini. Taa ya namna hiyo ikizimika pamoja na injini, si kosa.

Pili, jaribuni mwanga wa mbali na wa karibu. Mmoja ukiwaka na wa pili ukikataa, tazameni uzi wa ampuli, kisha swichi.

Tatu, yote miwili ikiwa hafifu, kagueni waya urudishao umeme kwenye chuma cha pikipiki. Taa ya wati 35 kwa volti 6 hutumia karibu ampea 6. Kutu yenye ukinzani wa omu 0.2 tu huiibia karibu volti 1. Fungueni, sugueni hata chuma king'ae, kazeni.

Nne, ampuli zikiungua mara kwa mara, shukuni kidhibiti cha volti. Kubadili ampuli bila kukitengeneza ni kuchota maji kwa pakacha.

Kazi hii yataka bisibisi, msasa na saburi. Ifanyeni mchana, nyumbani; giza la njiani halina fundi.