Printa Isipoitikia Kompyuta
Printa nyingi za risiti bado huunganishwa na kompyuta kwa RS-232, kiwango kilichotolewa Marekani mwaka 1960. Printa ikinyamaza kabisa, waya ndio wa kushukiwa kwanza. Kwenye mlango wa kompyuta wenye pini 9, pini ya 2 hupokea, ya 3 hutuma, ya 5 hurudisha umeme. Kipimo bora, tena kisicho na gharama, ni kuchomoa printa na kuunganisha ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya: herufi zinazochapwa zikirudi kwenye skrini, na kutoweka kipande kikitolewa, mlango ni mzima. Printa ikichapa herufi zilizovurugika, kasi hazilingani. Pande zote mbili ziwekwe kasi moja, mathalani biti 9600 kwa sekunde. Maandishi marefu yakipotea katikati, kumbukumbu ya printa imejaa na printa haiwezi kuiambia kompyuta isubiri.